Ramani: Kitambaa au Mwongozo wa Njia?

Walimu wa lugha tumezoea kudhani kwamba swali la maana ya neno huisha pale kamusi inapofungwa. Mwanafunzi huuliza, mwalimu hujibu, na wote wawili huendelea na somo. Hata hivyo, yapo maneno ambayo ukiyafungua vizuri hukuti maana peke yake, bali unakuta pia swali la haki limejificha ndani. Mojawapo ni neno "ramani", pamoja na mwenzake wa Kiingereza, "map". Madhumuni ya makala haya ni kuyachunguza maneno haya mawili, kisha tujiulize swali ambalo mwalimu yeyote wa Nakivale au Mbarara hawezi kulikwepa: je, ramani ina wajibu gani kwa mtu aliyechorwa ndani yake?

Tuanze na neno la wageni. Kiingereza kililipata neno "map" kutoka Kilatini. Katika Kilatini, "mappa" ilikuwa kitambaa: kitambaa cha mezani, cha kujifutia mikono wakati wa kula. Kitambaa hichohicho ndicho kilichotumika kama ishara katika viwanja vya michezo vya Roma. Mkubwa wa michezo alikiangusha, na magari ya farasi yakaanza mbio. Quintilian, mwalimu mashuhuri wa Kirumi wa karne ya 1, aliandika kwamba neno hilo si la Warumi wenyewe, bali lilitoka kwa watu wa Karthago, yaani pwani ya kaskazini ya bara letu la Afrika. Katika karne za kati wasomi wa Ulaya walizichora picha za dunia juu ya nguo na ngozi, wakaziita "mappa mundi", yaani kitambaa cha ulimwengu. Baadaye ulimwengu ukaachwa nje ya jina, kikabaki kitambaa. Kwa hiyo "map" ya Mwingereza ni ndugu wa damu wa maneno yake mengine mawili ya jikoni na mezani, "napkin" na "apron".

Sisi wenye leso na kanga tusishangae kusikia kwamba kitambaa kinaweza kusema. Jambo la kuzingatia ni kwamba jina hilo linataja kitu kilichochorewa, wala halitaji kazi ya mchoro. Hali kadhalika neno la Kifaransa "carte", ambalo wanafunzi wetu waliosoma Kongo wamelizoea, na neno la Kiingereza la mabaharia, "chart". Yote mawili yanatokana na neno la Kiyunani la karatasi ya mafunjo. Kutoka shina hilohilo Waarabu walipata "qirtas", nasi tukapata "karatasi". Na neno "atlasi" je? Hilo lilienea baada ya mwaka 1595, kitabu cha ramani cha Gerardus Mercator kilipochapishwa na kupewa jina la Atlas, mfalme wa hadithi wa Mauretania aliyesifiwa kwa elimu ya nyota. Basi huko Ulaya ramani ilipewa jina la nguo, jina la karatasi, au jina la mfalme.

Neno letu lilipita njia nyingine, njia ya bahari. Katika Kiajemi "rah" ni njia, na "nama" ni kitabu au waraka. Wanamaji wa Kiarabu walilichukua neno hilo la Kiajemi wakalitamka kwa namna yao, hata likawa "rahmani". Rahmani ilikuwa kitabu cha rubani. Ndani yake ziliandikwa bandari na umbali wake, nyota za kufuatwa, majira ya pepo, miamba ya kuogopwa na dalili za nchi kavu inayokaribia. Ahmad ibn Majid, rubani na mwanachuoni mzaliwa wa Julfar, mahali panapoitwa leo Ras al-Khaimah, aliyeandika kitabu chake kikubwa cha elimu ya bahari mnamo mwaka 1490, ni mrithi wa elimu hiyo. Naye alitunga hata utenzi wa kueleza njia ya kufika Sofala, kusini mwa pwani yetu. Tuangalie vyema kwamba rahmani haikuwa lazima iwe picha. Aghalabu ilikuwa maneno, na mara nyingine maneno ya kukaririwa kwa moyo, ili nahodha asipotee usiku taa ikizimika. Kutokana na neno hilo sisi tumepata "ramani", na tumelipanua kwa kadiri ya mahitaji yetu. Leo tuna ramani ya nchi, ramani ya nyumba anayopewa fundi, hata ramani ya kazi isiyochorwa popote ila kichwani.

Basi tunayo majina mawili. La kwanza linauliza: mchoro umechorwa juu ya nini? La pili linauliza: mchoro utamfikisha nani, na wapi?

Hapa hapana budi tujihadhari. Wapo wenzetu wanaopenda kuikata kesi kwa asili ya neno, kana kwamba babu wa neno ndiye hakimu wa mjukuu. Tukifuata njia hiyo tutasema kwamba Waingereza huiona dunia kama nguo ya kukatwa, na Waswahili huiona kama njia ya kupita. Huo utakuwa uzushi. Waingereza wamesafiri kwa ramani zao salama salimini, na Waswahili wametumia ramani kuwanyang'anya wenzao mashamba. Asili ya neno si hoja. Lakini inaweza kuwa kumbukumbu. Inaweza kutukumbusha swali ambalo mazoea yametusahaulisha. Swali lenyewe itatubidi tulijibu kwa akili zetu na kwa mambo yaliyotukia.

Na mambo yaliyotukia hayako mbali. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mapatano ambayo watu wa pwani huyakumbuka kwa sababu ya Zanzibar, maana ndani yake Wajerumani walikubali himaya ya Waingereza visiwani. Mapatano hayohayo yaligusa nchi yetu ya huku bara. Yalisema kwamba magharibi ya Ziwa Victoria mpaka utafuata latitudo ya digrii 1 kusini ya ikweta hadi kwenye mpaka wa Kongo, isipokuwa kwamba mlima uitwao Mfumbiro uhesabiwe kuwa upande wa Waingereza hata ukionekana kuwa kusini ya mstari huo. Waliotia saini hawakuwahi kuuona. Mwaka 1861 msafiri John Hanning Speke alikuwa ameviona vilele kwa mbali akiwa Karagwe, akavitia katika ramani yake. Na mlima huo wa karatasi ndio uliogawanywa Ulaya. Lord Salisbury, waziri mkuu wa Uingereza wa wakati ule, alipata kusema kwa mzaha kwamba wao wakubwa walikuwa wakipeana milima na mito na maziwa, na kikwazo kilikuwa kidogo tu, kwamba hawakujua hasa viko wapi.

Ilipobainika kwamba Mfumbiro si mlima mmoja bali ni safu ya volkano za Virunga, ugomvi ukazuka baina ya Waingereza, Wajerumani na Wabelgiji. Ulimalizwa kwa mapatano ya Brussels ya mwaka 1910. Mpaka ukapitishwa juu ya vilele vya Muhavura, Mgahinga na Sabinyo. Na Sabinyo pakawa mahali nchi tatu zinapokutana. Nchi ya Bufumbira, ambayo leo ni wilaya ya Kisoro, ikawa Uganda, ingawa lugha ya wenyeji wake ni jamaa wa karibu wa Kinyarwanda. Hakuna aliyewauliza watu wa huko. Mtu alilala akiwa wa mfalme mmoja, akaamka akiwa raia wa ofisi nyingine, na mguu wake haukuwa umevuka hata mfereji.

Mpaka hapa msomaji anaweza kudhani kwamba tunaelekea kwenye hukumu iliyozoeleka, kwamba ramani za wakoloni ni dhuluma, basi. Dhuluma ilikuwapo, wala hatuikanushi. Lakini kisa cha Nakivale kinatukataza kuishia hapo.

Makazi ya Nakivale, katika wilaya ya Isingiro iliyomegwa kutoka wilaya ya Mbarara mwaka 2005, ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani kabisa katika Afrika. Yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950, na wakazi wake wa mwanzo walikuwa Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya nchi yao. Leo idadi ya watu imepita laki moja, na kuna Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia, Waeritrea na wengineo, wametawanyika katika kanda za Base Camp, Juru na Rubondo. Sokoni lugha inayowakutanisha wengi wao ni Kiswahili, na hiyo ndiyo sababu sisi walimu wa lugha hii hatuwezi kulitazama eneo hilo kwa mbali.

Sasa tufikiri. Mtu aliyekuwa akifukuzwa kwa panga mwaka 1959, au mwaka 1994, alikuwa anatafuta nini? Alitafuta mstari. Alitafuta mstari uleule uliochorwa na watu wasioijua nchi, kwa sababu mwenye kumfukuza alikuwa na nguvu upande mmoja wa mstari huo, na upande wa pili hakuwa nazo. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika kuhusu wakimbizi, uliotiwa saini Addis Ababa mwaka 1969, unamtambua mkimbizi kuwa mtu aliyelazimika kuiacha nchi yake. Maana yake ni kwamba asiyevuka mpaka hana haki ya jina hilo, wala ya ulinzi unaofuatana nalo. Miaka mitano kabla yake, mwaka 1964, wakuu wa nchi za Afrika waliokutana Cairo walikubali kuiheshimu mipaka waliyoikuta walipopata uhuru. Walijua vema kwamba mipaka hiyo haikuchorwa kwa haki. Walihofu kwamba kuichora upya kungemwaga damu zaidi. Kwa hiyo mstari uliowatenga ndugu ndio huohuo uliowaokoa baadhi yao. Mwenye kusema kwamba mipaka yote ifutwe, na amwulize kwanza aliyeokoka kwa kuuvuka.

Lakini mstari unaookoa unaweza kugeuka. Mwezi wa Oktoba 1982, katika wilaya ya Mbarara, watu waliohesabiwa kuwa Wanyarwanda walifukuzwa majumbani mwao, ng'ombe wakaporwa na nyumba zikaharibiwa. Wengine walikimbilia Rwanda, na wengine walisukumwa hadi ndani ya makazi ya Nakivale na Oruchinga. Miongoni mwao walikuwamo raia wa Uganda tangu mababu. Safari hiyo mpaka uliofuatwa haukuwa wa ardhi. Ulichorwa juu ya nyuso, majina na lafudhi za watu. Na mtu aliyekuwa ndani ya ramani ya nchi yake akaambiwa yuko nje yake. Hapo ndipo tunapoona kwamba uovu haumo katika wino. Umo katika neno lisilosemwa, yaani mchoro huu unamtumikia nani.

Tulete jambo hili darasani. Katika maarifa ya jamii watoto hufundishwa kwamba ramani kamili ina jina, dira, kipimio, ufunguo na fremu. Katika shule moja ya huku kwetu, ambayo si lazima tuitaje, wanafunzi walipewa zoezi jepesi: chora ramani ya kwenu. Wengi walichora kijiji chao cha Nakivale, barabara, bomba la maji na kituo cha afya. Msichana mmoja alichora nyumba, mwembe, kanisa na njia ya kuteremkia ziwani, akaandika juu yake jina la kijiji cha Kivu alichokiacha akiwa mdogo sana. Dira hakuiweka. Kipimio hakukiweka. Mwalimu mmoja alisema kazi hiyo ni kosa, kwa sababu mtoto hakai huko na huenda hapakumbuki sawasawa, alama sifuri. Mwenzake alisema apewe alama zote, maana kwao ni kule anakokuita kwao. Ubishi huo uliingia mpaka chumba cha walimu, na tulishiriki.

Kwa maoni yetu wote wawili waliona nusu. Wa kwanza alikumbuka kwamba ramani ni ahadi kwa mtu mwingine. Anayechora anamwambia atakayeshika: nifuate, hutapotea. Mchoro usioweza kumfikisha mwingine ni kumbukumbu yenye thamani kubwa, lakini haujawa ramani bado. Wa pili alikumbuka kwamba hakuna mwenye haki ya kumwambia mtoto kwao ni wapi kwa kutazama karatasi ya ofisi. Tulilopendekeza ni kwamba mtoto aulizwe: mgeni akitaka kufika kwenye mwembe huo, apitie wapi? Akaanza kueleza, kwa maneno: kutoka ziwani unapanda, unaacha kanisa mkono wa kulia, unasikia mto kabla ya kuuona. Maneno hayo, pasipo rula wala rangi, yalikuwa rahmani halisi ya kale. Tulimwonyesha namna ya kuyageuza kuwa dira na kipimio, na kazi yake ikahesabiwa.

Kutokana na hayo tunaona kwamba ramani ina wajibu wa namna tatu.

Wajibu wa kwanza ni ukweli. Rubani aliyeandika kwamba hapana mwamba palipo na mwamba hakukosea hesabu tu, aliwaua watu. Waliougawanya mlima wasioujua waliuvunja wajibu huu, ingawa mkono wao ulikuwa na saini nzuri.

Wajibu wa pili ni kukiri kilichoachwa. Hakuna ramani inayochora kila kitu. Ingekuwa kubwa kama nchi yenyewe, nayo isingebebeka. Kuacha si kosa. Kosa ni kuacha kimya. Ufunguo wa ramani umeitwa ufunguo kwa haki, maana bila huo mlango umefungwa. Na ufunguo mwaminifu hueleza alama zilizomo na mipaka ya elimu ya mchoraji. Panapoonekana peupe kwenye karatasi pasidhaniwe kuwa hapana watu.

Wajibu wa tatu ni kumsikiliza aliyechorwa. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwaka 2015 ulianzishwa mjini Dar es Salaam mradi ulioitwa Ramani Huria, ambamo wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa mitaa walichora wenyewe mitaro, njia na nyumba za maeneo yanayofurika mvua zinaponyesha. Vyombo walivyotumia ni vya kisasa, lakini ujuzi wa maji yanapopita baada ya mvua ulikuwa wa wakazi. Picha ya setilaiti huonyesha paa. Haionyeshi nani analala chini yake, wala wapi mzee hawezi kuvuka.

Mtu anaweza kutupinga akisema kwamba haya ni mazuri kwa mji wenye wenyeji, lakini katika makazi ya wakimbizi serikali ndiyo yenye ardhi, nayo hugawa vipande kwa kadiri ya watu wanaoingia. Wageni wakiulizwa kila jambo, kazi itakwama. Tena, wenyeji wanaopakana na Nakivale nao wana malalamiko ya mipaka ya mashamba na malisho, na malalamiko hayo ni ya miaka mingi. Hoja hii ina uzito. Hatusemi kila mtu ashike kalamu achore apendavyo. Ndiyo njia ya haraka ya kuwafanya wanyonge wapoteze, kwa kuwa mwenye nguvu ndiye huchora kwa herufi kubwa. Mjane aliyepewa kipande cha shamba hulindwa na mpaka uliopimwa na kuandikwa. Bila huo jirani atausogeza kila msimu. Lakini kadiri ramani inavyokuwa na nguvu ya kutoa na kunyima, ndivyo wajibu wa kusikiliza unavyozidi. Kuwasikiliza watu hakumwondolei mpimaji kazi yake. Kunamwepusha na Mfumbiro mwingine. Mwenyeji na mkimbizi wakisimama pamoja kwenye alama ya mpaka na kukubaliana kwamba ndiyo hiyo, ramani itakayofuata haitahitaji askari wa kuilinda.

Kazi ya mwalimu wa Kiswahili katika jambo hili si kubwa, lakini ni yake. Tunapofundisha neno "ramani" tusiishie kwenye tafsiri, kana kwamba ni "map" lililovalishwa kanzu. Tumweleze mwanafunzi kwamba neno analolitamka liliwahi kuwa kitabu cha njia mkononi mwa mtu aliyekuwa na roho za wenzake chomboni. Kisha tumpe ramani yoyote, ya wilaya, ya makazi au ya dunia, tumwulize maswali matatu: imesema kweli? imekiri ilichokiacha? imewasikiliza waliomo? Mtoto wa Mbarara ambaye hajawahi kuhama, na mtoto wa Nakivale aliyevuka mipaka miwili akiwa mgongoni mwa mama yake, wanaweza kuyajibu maswali hayo katika dawati moja, kila mmoja akimpa mwenzake habari ambazo karatasi haina.